Figo Moja ni ya Mama

Kule Mollo, kwa miaka zaidi ya ishirini, sherehe ambayo Cornelia hakuipikia watu waliisema mwaka mzima. Kipaimara, ndoa, shukrani ya padri mpya, wote walimfuata yeye kwanza, ndipo wakatafuta maturubai. Alijua wali wa watu mia tatu unataka kuni kiasi gani. Alijua mchuzi umepungukiwa nini kwa kuunusa tu, bila kuonja. Mumewe, Adolfu, alikuwa amefariki zamani, akamwachia ekari nne za mahindi na ulezi, na mtoto mmoja wa kiume, Cleophas. Hakuolewa tena. Alilima, alipika, akamsomesha mtoto ufundi, na mtoto alipopata kazi ya kutengeneza injini za boti huko Wampembe, ziwani, akamwacha aende. Mtoto wa kiume hafungwi kamba mguuni.

Ugonjwa ulimjia kwa kunyata. Presha alijua anayo. Dawa zake alizimeza alipojisikia vibaya, akipata nafuu anaziweka juu ya kabati. Mgongo nao ulimsumbua kwa kuinamia mafiga, kwa hiyo alinunua vidonge vya maumivu dukani, leo viwili, kesho viwili, mpaka muuza duka akawa anampa bila kuulizwa. Halafu asubuhi moja aliamka macho yamevimba, na viatu alivyovaa Jumapili iliyopita vikakataa kuingia miguuni. Katika hospitali ya mkoa, Sumbawanga mjini, daktari alimweleza taratibu kwamba figo zake zote mbili zimeumia. Hazitarudi kama zamani. Linalowezekana ni kuzichelewesha zisife haraka.

Cornelia alizichelewesha mwaka mmoja na miezi minne. Dawa za presha alizimeza kwa saa. Chumvi aliiacha, vidonge vya mgongo aliviacha, maharage aliyachemsha akamwaga maji ya kwanza na ya pili kabla ya kuyala, ndizi mbivu na parachichi akawa anaziangalia tu sokoni kama mtu anayeangalia picha za ndugu waliohama. Pamoja na hayo yote, siku ilifika. Chakula kilianza kunuka chuma mdomoni, ngozi ikawasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi la hindi, na pumzi ikawa inakatika akitoka kitandani kwenda mlangoni. Akaingia kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara.

Akishatoka kwenye mashine, mwili ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Kupanda bodaboda kurudi Mollo katika upepo ule wa Ufipa unaopita nyanda tupu bila mti wa kuuzuia kulimshinda baada ya majuma matatu. Shamba akamwachia shemeji yake alilime, naye akapanga chumba kimoja Mazwi, mjini, kwenye nyumba yenye wapangaji sita.

Hapo ndipo alipojua kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya watu sita na asiwe na mtu. Asubuhi wenzake walitoka, huyu kwa baiskeli, yule kwa pikipiki, mwingine na beseni lake la nyanya kichwani, na ua ukabaki na nguo za watu kwenye kamba na yeye mwenyewe kwenye kigoda, amejifunika sweta na khanga. Maji yake ya siku nzima aliyapima kwenye kikombe cha chai, vikombe viwili tu, na chai ikihesabiwa humo humo, maana mkojo ulikuwa umekauka na kila alichokunywa kilibaki mwilini kikimsubiri. Alijifunza kusukutua na kutema. Alijifunza kunyonya kipande cha limau. Wapangaji waliporudi jioni walimwita, "Mama Cleophas, karibu chakula," naye alijibu, "Asanteni, nimeshakula." Baada ya mwezi waliacha kumwita. Hawakuwa na ubaya. Mtu hukaribishwa mara ngapi?

Mollo nako mlango ulianza kufungwa. Daktari alimuunganishia mishipa miwili mkono wa kushoto ili mashine ipate damu ya kutosha, na mshipa ule ulitutumka chini ya ngozi, ukiugusa unatetema kama simu iliyozimwa sauti. Hospitalini waliuita fistula. Lakini neno hilo vijijini watu wanalijua kwa jambo lingine, lile linalowapata akina mama wanaoumia wakati wa kujifungua wakabaki wanavuja mkojo. Mtu mmoja alilisikia, akalipeleka, nalo likafika kabla yake. Jumapili aliyokwenda kusali kwao, watu wawili walisogea kidogo kwenye benchi, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alitamani kusimama aseme, siyo hiyo jamani, ni ya mkono, tazameni. Akakaa. Na mwezi uliofuata mtoto wa dada yake aliolewa, sufuria zikapikwa na mtu mwingine.

"Tuliona tusikusumbue," dada yake alimwambia.

Alikwenda kama mgeni. Aliletewa sahani ya wali na nyama, akaishika magotini mpaka sherehe ikaisha ili mwenye shughuli asione vibaya. Wali ulikuwa umeshika chini. Aliujua kwa harufu.

Katika yote hayo alikuwa na neno moja la kushikilia. Mwezi wa saba, alipofanyiwa ule upasuaji wa mkono, Cleophas alipanda kutoka Wampembe akakaa naye siku nne. Siku ya mwisho muuguzi wa chumba cha mashine, kijana mrefu aitwaye Shigela, aliwaeleza kwamba mtu hukaa vizuri na figo moja, na kwamba ndugu wa damu akipimwa akafaa, upandikizaji hufanyika Dodoma. Cleophas hakungoja amalize.

"Mimi ninazo mbili," alisema, mbele ya wagonjwa wote. "Moja ni ya mama."

Wagonjwa walipiga makofi, waliokuwa na mkono mmoja kwenye mashine wakapiga paja. Shigela alimwambia asikimbilie. Aanze na vitu vidogo huko huko aliko, apime presha, apime mkojo, apime sukari, majibu ayalete, ndipo safari ya Dodoma ipangwe mwezi wa tisa. Cleophas aliitikia. Akaondoka kwenda kumalizia injini za watu.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane alipiga simu mara mbili. Kisha akanyamaza. Cornelia alipopiga, ile sauti ya mwanamke asiye na haraka ilimwambia kwamba mteja wa namba anayopiga hapatikani kwa sasa. Mwezi wa tisa ulikuja ukapita. Wa kumi, wa kumi na moja. Krismasi alikula viazi vilivyolowekwa na kuchemshwa mara mbili, peke yake, redio ikiwa chumba cha jirani.

"Kijana kafikia wapi?" watu walimuuliza.

"Huko mtandao ni shida," alijibu. Alijibu hivyo mara nyingi mpaka akazoea.

Mtu mmoja tu hakumuuliza. Huyo alikuwa Bi Kulsumu, mama wa miaka sitini na kitu, wa familia ya wafanyabiashara wa hapo mjini, aliyekaa kiti cha pili kutoka dirishani. Cornelia alikaa cha tatu. Saa nne mara mbili kwa wiki, mmekaa bega kwa bega huku damu zenu zinazunguka kwenye mipira, mnajuana kuliko mashoga wa kisimani. Kulsumu alikuwa na wana wanne na wajukuu wasiohesabika, na kila mara aliletwa na kuchukuliwa na gari. Lakini alisema jambo siku moja ambalo Cornelia hakulisahau.

"Nyumbani kwangu, Mama Cleophas, chungu changu kiko peke yake. Mwezi mtukufu wote wakifunga, mimi naambiwa nile. Nakula nyuma ya jiko, najificha kama mwizi. Wananipenda. Lakini sina wa kula naye."

"Mimi nipo," Cornelia alisema.

"Ndiyo hapo sasa. Nawe mashine ikilia unafumba macho."

Wakacheka, ingawa kicheko kilimkausha Cornelia midomo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, mvua inapiga kwenye bati, Kulsumu alivutavuta ncha ya mtandio wake. Halafu akasema, bila kumtazama:

"Mtoto wa ndugu yangu, Faruk, anaendesha Fuso. Anafuata dagaa Wampembe kila wiki."

"Ulishaniambia."

"Jumamosi iliyopita taa zilimsumbua. Kuna fundi wa injini pale ufukweni akamsaidia nyaya. Anaitwa Cleophas. Mfipa, mrefu, ana kovu hapa." Akagusa nyusi. "Nimekaa na neno hili siku tano, dada. Sikujua kama nikupe au nikae nalo."

Cornelia aliangalia mpira uliobeba damu yake. Miezi yote hiyo alikuwa ameogopa kwamba mtoto amezama, au anaumwa, au kafungwa. Alimsalia rozari kwa kila moja ya hayo. Hofu ile ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na joto ndani yake. Sasa mtoto ni mzima, anatengeneza taa za watu, na simu hana haja nayo. Baridi ikamwingia kuanzia miguuni.

"Anaogopa kisu," alisema mwishowe. "Ana mke, ana watoto wawili. Nani asiyeogopa?"

"Usimlaani tu."

"Nimlaani kwa lipi? Figo siyo sadaka ya Jumapili, kwamba kila mtu atoe." Akamgeukia. "Faruk anashuka lini tena?"

Shigela alikuna kichwa alipoambiwa. Barabara ya kule akaisema, mvua akaisema. Mwisho akamshika bega. "Nenda kesho, mama, lakini Jumatatu asubuhi nikuone kwenye kiti hiki. Na usinywe, na usile chumvi ya watu. Ukizidisha, maji yatapanda kifuani, na huko mbali nani atakusaidia?"

Ijumaa asubuhi Faruk alimpokea kwa heshima. "Shikamoo mama. Shangazi kasema nikubebe kama yai." Alimweka mbele, kiti cha dirishani, akamkunjia blanketi chini ya mkono wa kushoto. Waliacha mji, wakapita mashamba ya mahindi yaliyofika magotini, ulezi ukiwa bado mdogo kama nyasi, ng'ombe, nyumba za tofali za kuchoma, na anga lile pana la Ufipa ambalo chini yake mtu huonekana mdogo hata kwake mwenyewe. Njiani Cornelia alirudia maneno yake kimoyomoyo, kama mtoto anayetumwa dukani. Mwanangu, sikuja kudai. Ahadi yako nimeifuta. Nataka tu upokee simu. Aliyapanga, akayapangua, akaona mengine yana kisirani, akayatoa.

Waliacha lami, na baadaye nchi ikaanza kuporomoka. Barabara ilishuka kwa kona kupitia miti, udongo mwekundu ukiteleza, joto likipanda kila kona mpaka akavua sweta. Ziwa likatokea chini, kubwa, la buluu iliyoiva. Alikuwa hajawahi kuliona. Miaka tisa mtoto anaishi kando yake, yeye hajawahi kuitwa kuja kuliona, na yeye hajawahi kuuliza.

Cleophas alikuwa ufukweni, amechuchumaa juu ya gunia, injini ya boti imefunguliwa mbele yake na mwenye nayo kasimama akimhimiza. Alimwona mama yake akisaidiwa kushuka kwenye Fuso. Hakusimama. Mikono yake ilisimama tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mwenye injini aliangalia huyu, akaangalia yule, akasema boti yake inasubiriwa. Cleophas akainama tena. Cornelia alikaa juu ya ubao uliogeuzwa, jua likimchoma utosini, akamtazama mwanawe akifunga skrubu moja moja. Alikuwa amekonda usoni. Alifanya kazi ile taratibu mno kwa fundi mzoefu, na mama akaelewa kwamba anatamani isiishe. Ilikwisha. Mwenye injini akaibeba na wenzake wakaenda zao. Faruk alikuwa ameshaondoka kutafuta mzigo.

"Sikuja kudai," Cornelia alisema. Maneno mengine yote aliyoyapanga yalimpotea. "Figo yako sitaki. Kaa nayo, lea watoto wako. Nilikuja kukuambia hivyo tu, ili usinikimbie."

Cleophas alifuta mikono kwenye kitambaa chenye grisi, kidole kimoja baada ya kingine.

"Haifai, mama."

"Nini haifai?"

"Figo yangu. Nilipima kama alivyosema yule muuguzi. Presha ikaja mia na sabini na kitu. Wakasema rudi. Nikarudi mara tatu. Mkojo nao una protini. Wakaniambia mtu kama mimi haruhusiwi kutoa, na kwamba hizi zangu zenyewe zimeshaanza kuumia." Alisema haraka haraka, kama anayetema kitu kichungu. "Nina miaka thelathini na moja."

Cornelia alishika kingo za ubao aliokalia.

"Ningekuambia nini? Uko kwenye mashine, nikuongezee na hili?"

"Kwa hiyo ukaona unibebeshe ukimya."

"Mama..."

"Ukimya, Cleophas! Unajua uzito wake? Nimekuzika mara ngapi mimi kwenye kile chumba? Na jana nilipoambiwa u mzima, nikakuita mwoga. Moyoni, lakini nilikuita."

"Na mwoga nilikuwa." Sasa alimtazama. Macho yalikuwa mekundu. "Hilo ndilo lililonishinda kusema. Waliponiambia siwezi kutoa, kabla hawajaniambia sababu, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu, mama. Nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, nikasema moyoni, asante. Halafu ndipo wakaniambia kwa nini. Nikaona hiyo ndiyo fimbo yangu. Ningekupigiaje simu?"

Maji yaligonga mchanga. Cornelia alikuwa mtu wa kuchelewa kulia, na mwili wake wa siku hizi haukuwa na maji ya kupoteza hovyo. Alivuta pumzi mpaka kifua kikauma.

"Mungu hapigi watu fimbo kwa kuogopa kisu," alisema. "Angekuwa hivyo, wanawake wote waliozaa kwa upasuaji wangekuwa wafu. Hiyo presha umeipata kwangu, kama ulivyoipata pua. Unameza dawa?"

Cleophas aliokota spana, akaifuta.

"Cleophas. Unameza dawa?"

"Nilimeza mwezi mmoja. Nikajisikia vizuri."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Alilia kwa sababu aliijua sentensi ile neno kwa neno, ilikuwa yake, aliisema miaka kumi huku akiziweka dawa juu ya kabati kule Mollo, na hakuna mtu aliyemshika mkono akamwambia hapana.

Nyumbani, mkwewe Hellena alimpokea kwa furaha isiyokuwa na habari. Cleophas hakuwa amemwambia kitu. Kuhusu figo hakujua, kuhusu presha hakujua. Alijua mama mkwe aliumwa akapona. Alikimbia huku na huku, akatandika mkeka, akaleta ugali na samaki mgebuka wa kuchemsha mwenye mchuzi mwekundu uliojaa bakuli. Ilikuwa mara ya kwanza Cornelia kula chakula cha mkono wa mkwewe. Hellena alikaa pembeni amekunja mikono, akingoja aone kama mpishi wa Mollo atakipenda.

Cornelia alifikiri kusema hapana. Akakumbuka sahani aliyoishika magotini kule kwenye harusi. Akala. Mchuzi ulikuwa na chumvi, nyanya na pilipili ya kutosha, na ulimi wake uliokuwa umelala mwaka na zaidi uliamka wote kwa pamoja. "Umepika," alimwambia Hellena, na binti wa watu akainama kwa haya. Akanywa na maji, kikombe kizima cha bati. Alijua anachofanya.

Jioni ile, kabla ya jua kuzama, aliwaita wote wawili akasema kila kitu. Alimwambia Hellena mbele ya mumewe, maana aliona siri nyingine ikiachwa ndani ya nyumba ile itaota mizizi. Alisema kuhusu chumvi, kuhusu vidonge vya maumivu vya dukani, kuhusu dawa za presha zinazomezwa hata siku mtu anapojisikia kama simba. Alikunja mkono wa sweta akauonyesha mshipa uliotutumka, akamwambia mwanawe auguse. Cleophas aliuweka mkono, akausikia ukitetema, akautoa kama aliyeungua.

"Zako bado zinafanya kazi," Cornelia alisema. "Mimi niliambiwa nikiwa nimechelewa. Wewe umeambiwa mapema ukaenda kujificha."

Hellena aliinuka. Alikwenda jikoni, na kwa muda mrefu walisikia vyombo vikigongana kuliko kawaida.

Mvua ya Jumamosi ilizuia magari, wakaondoka Jumapili. Cleophas alimsindikiza mpaka kwenye Fuso. Alimfungulia mlango, akamkunjia blanketi chini ya mkono. Yaliyokuwepo yalikuwa yamesemwa, na mengine hayasemeki. Aliahidi kupanda mwezi wa pili kuja kliniki ya mjini. Cornelia aliitikia, lakini ahadi za mtoto huyu alikuwa ameshajifunza kuzipokea bila kuzifunga kwenye kitambaa.

Katikati ya mlima gari lilikwama kwenye tope. Kwa muda wa saa tatu watu walisukuma, wakakata matawi, wakasukuma tena. Cornelia alikaa mbele, miguu imejaa mpaka ngozi inang'aa, na akaanza kusikia kile alichoonywa: pumzi inafika kooni inarudi. Akijiegemeza nyuma, anazama. Akakaa ameinama mbele, amekumbatia dashibodi. Faruk alichungulia dirishani, uso wote tope.

"Mama, vipi?"

"Sukumeni tu, mwanangu."

Ni samaki, alijiambia. Ni bakuli moja la samaki na kikombe cha maji. Hakujuta. Aliogopa, lakini hakujuta, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani ambako pumzi ilikosa nafasi.

Gari lilinasuka. Faruk hakumpeleka Mazwi. Alimpeleka moja kwa moja hospitali, kabla giza halijaingia, wakamweka kwenye oksijeni. Jumatatu mzani ulionyesha kilo nne na nusu zaidi. Shigela alisoma namba ile, akamtazama, akaanza kusema, kisha akaona uso wake akageukia mashine. Mashine ilimvuta maji yale polepole, misuli ya miguu ikakaza mpaka akauma khanga.

Kulsumu alisikiliza habari yote amefumba macho. Ilipofika pale kwenye "nilimshukuru Mungu," alifumbua.

"Alikuambia hilo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi una mtoto," Kulsumu alisema. "Wangu hawaniambii kitu. Wananiletea matunda nisiyoruhusiwa kula."

Juma la tatu baada ya hapo, watoto wa Kulsumu walimhamishia Dar es Salaam, kwa binti yake mkubwa, karibu na mabingwa. Hakuulizwa. Aliaga kwa simu, sauti yake ikiwa ya mtu aliyeko garini tayari. Kiti cha pili kutoka dirishani alikaa mzee mmoja wa Namanyere asiyependa maongezi, aliyejifunika uso kwa kofia kuanzia mashine inapowashwa.

Cleophas alikuja. Mwezi wa pili ulikuwa umebaki siku mbili kuisha, lakini alikuja, akiwa na karatasi ambamo Hellena alikuwa ameandika presha yake ya kila wiki kwa mwandiko wa shule. Mbili za mwisho zilikuwa zimeshuka. Alikaa foleni ya kliniki na mama yake, wagonjwa wawili, kila mmoja na daftari lake. Daktari alimwongezea dawa moja, akamwambia akishika masharti figo zake zinaweza kumchukua miaka mingi sana. Alipomgeukia Cornelia aliuliza kama kuna ndugu mwingine wa damu wa kupimwa. Cornelia alimtaja dada yake wa Mollo, akaongeza kwamba naye ana sukari. Daktari aliandika kitu kifupi.

Ilikuwa Alhamisi. Cleophas aliomba kukaa naye kwenye mashine. Shigela akampa kiti cha plastiki. Aliona sindano mbili nene zikiingia mkononi kwa mama yake, akaona damu ikitoka, ikipanda, ikizunguka, ikirudi. Alikaa hivyo karibu saa moja, mikono katikati ya magoti.

"Inauma?"

Miezi yote aliyoulizwa hivyo alijibu hapana. "Inauma," alisema. "Siyo kila siku."

Cleophas alitikisa kichwa. Baadaye kidogo akasema anatoka kutafuta chai. Alikawia. Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa na kola ya shati imelowa, na wala hakuwa na harufu ya chai. Cornelia alifanya kama amelala, akamwachia nafasi ya kukaa bila kutazamwa.

Saa nane mchana gari la kwao lilikuwa linaondoka. Injini tatu za watu zilimsubiri ufukweni, watoto walimsubiri, na chumba cha Mazwi kilikuwa na kitanda kimoja. Alimshika mama yake mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akasema atapiga simu akifika, kisha akateremka ngazi za hospitali kwa haraka ya mtu anayeogopa kuachwa.

Cornelia alingoja mpaka kizunguzungu kikapungua, akaifunga bandeji vizuri, akaenda kwa miguu. Upepo wa jioni kutoka milima ya Mbizi ulikuwa umeanza. Uani hakuna mpangaji aliyekuwa amerudi. Kuku wa jirani walikuwa wamelala chini ya baiskeli mbovu. Aliwasha jiko la mkaa, akabandika maji kidogo, akakoroga uji wa ulezi, mwepesi, akakaa nao kwenye kigoda akiupuliza. Saa kumi na moja simu iliita. Cleophas alikuwa ameshafika kwenye mteremko, alisema, mtandao utakatika sasa hivi, na kweli ukakatika kabla hajamaliza kuuliza kama amekula.

"Nakula," Cornelia alisema, ingawa laini ilikuwa imeshakufa, akamalizia uji wake.